Waya Ulioombewa

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Emanueli hapa Katesh. Alikuwa ameshiba siku. Aliyesoma wasifu wake kaburini alipofika kwenye kazi za marehemu alipandisha sauti: katika maisha yake yote mzee huyu hakuwahi kumrudishia mtu chombo bila kukiombea. Watu wakaguna kwa kukubali. Mama mmoja aliyesimama karibu yangu akaninong'oneza, "Huyu alikuwa mtumishi kweli kweli." Nikatazama udongo. Muda si mrefu mchungaji akaniita mbele niwaombee wafiwa, kwa kuwa mimi ni mama wa siku nyingi katika usharika huu, na nusu ya waliosimama pale niliwafundisha Amri Kumi kabla hawajang'oka meno ya utoto. Niliomba. Nilimshukuru Mungu kwa uhai wa marehemu, kwa watoto wake, kwa mvua iliyosubiri mpaka tumalize. Sikusema neno lisilo la kweli. Lakini nilipofumbua macho niliona mikono yangu imeminya kitenge changu kama mtu anayekamua nguo ya kufulia, nikajua kwamba hasira ya mwaka ule, niliyoitubu mara nyingi kuliko dhambi nyingine yoyote, haijaenda popote. Nimechoka kuitubu. Safari hii naiandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za kwetu na za wazazi wangu niziache. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza chuo cha Biblia, nikatoka na cheti, na Biblia yenye jalada jeusi, na imani kwamba mtu akiomba vizuri mambo hukaa sawa. Zahanati moja ya misheni upande wa Mogitu ilikuwa imekosa mtu wa kupeleka chanjo kwenye maboma ya mbali. Wanaume wawili walikuwa wameijaribu kazi hiyo wakaiacha. Mimi nikasema naweza. Wazee wa kanisa walijadili kikao kizima kama msichana aliyesoma Biblia anaweza kuvaa suruali chini ya gauni, na mwishoni wakakubali, mradi gauni liwe refu. Dereva wa misheni, mzee aliyekaribia kustaafu, alinifundisha pikipiki kwa majuma matatu kwenye uwanja wa shule. "Klachi ni kama mtu wa huku kwetu," aliniambia. "Lazima isalimie kwanza ndipo ifanye kazi. Ukiuvuta huu mkono, kuna mwendo mdogo wa mwanzo uliolegea. Huo ndio shikamoo yake. Ukikuta klachi haisalimii, ujue ina jambo." Akachomeka sarafu kwenye mwanya ulio kati ya mkono wa klachi na kishikio chake, anionyeshe salamu inatakiwa iwe na unene gani. Nilicheka sana. Leo sicheki, lakini sijasikia mwalimu yeyote wa ufundi akieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya zahanati, na mwenye chumba hasa alikuwa friji ya mafuta ya taa. Kila asubuhi nililala kifudifudi sakafuni kutazama moto wake chini. Ukiwa wa bluu, dawa ziko salama. Ukiwa wa njano unatoa moshi, nikate utambi upya, nisubiri, niombe. Chumba kizima kilinuka mafuta, na mimi pia, hata kanisani. Ukuta ulikuwa mwembamba, na upande wa pili kulikuwa na benchi la akina mama wanaosubiri, kwa hiyo nilisikia yote. "Huyu binti wa pikipiki ataolewa na nani?" aliuliza mmoja. Mwingine akajibu, "Na mwenye petroli." Walicheka mpaka watoto wakaamka. Mchana nilikula kwa Dada Restituta, muuguzi aliyesimamia zahanati: kande za mahindi na maharage, na maziwa mgando juu yake. Alikuwa mwanamke wa haki, na nilimpenda. Alikuwa pia mwoga wa wazee wa kanisa, kama sisi sote. Nashukuru kwa kila sahani niliyokula pale. Naandika hivi ili anayesoma asidhani kwamba mwaka ule wote ulikuwa mchungu. Uchungu wake ulianza siku aliyofika Gidamis.

Gidamis alikuwa Mbarbaig, mfugaji wa Hirbadaw, mtu mzima wa kama miaka arobaini, mrefu, mwenye lubega jekundu na fimbo. Ndiye aliyenitafsiria nilipokwenda kwenye maboma ya kwao, na alipanda pikipiki nyuma yangu bila aibu yoyote. Siku moja pale Katesh kijana mmoja alimpigia kelele, "Tazameni dume limebebwa na binti mgongoni kama kichanga!" Gidamis hakugeuza hata shingo. "Wewe unabebwa na miguu yako mwenyewe," akasema, "na tangu mwaka jana nakuona hapo hapo." Asubuhi ya siku ile uchungu ulipoanza, alifika zahanati kwa miguu, miguu yake yote vumbi hadi magotini. Nikamwamkia. Aliitikia, akanywa maji vikombe vitatu, kisha akasema, "Surua imeingia boma la jirani. Kwetu bado. Mke wa kaka yangu, Udaweda, amekataza watoto wasitoke, lakini maji ya kunywesha ni yale yale, mbuzi wanachanganyika, watoto wanachanganyika. Dada, njoo kesho. Keshokutwa usije." Alijua anachosema. Miaka ya nyuma surua ilikuwa imepita kwao, na katika boma la baba yake aliyeachwa ni yeye na huyo kaka.

Kulikuwa na tatizo moja. Boksi la chanjo tulizoea kulifunga nyuma, na safari iliyotangulia nusu ya chupa zilivunjika kwa kurushwa na mawe. Na kama Gidamis akikaa nyuma, boksi halina mahali. Dada Restituta akaamua liwekwe mbele, juu ya tangi, ambako hakuna mtikisiko mkubwa. Tulijaribu. Likakaa vizuri, ila usukani ukawa unaligonga kila nikikata kona. Dawa yake ilikuwa moja tu, usukani unyanyuliwe. "Nenda Katesh sasa hivi kwa Fundi Emanueli," akasema, "kesho alfajiri muondoke na barafu mpya." Barafu ya friji yetu ilikuwa inafika alasiri, na siku ya joto haikufika. Ikiisha yote na maji yakapata joto, dawa ya surua haifai tena. Hilo nililijua kama Baba Yetu.

Karakana ya Fundi Emanueli ilikuwa kibanda cha mabati chenye sakafu ya udongo uliolowa mafuta mpaka ukawa mweusi na laini kama ngozi. Vifaa vyake vilining'inia ukutani kwa mpangilio, na katikati yao alikuwa amebandika aya ya Zaburi iliyoandikwa kwa mkono. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mama Zuhura, mjane wa Kiislamu, ambaye upande mmoja wa duka lake aliuza chai na chapati, na upande wa pili vipuri. Gidamis alikwenda kukaa huko. Mimi nikamwamkia fundi, akaitikia, nikamweleza. Alifanya kazi kwa ustadi, siwezi kumnyima hilo. Alikata vipande viwili vya bomba, akavichomelea chini ya usukani, ukapanda kiasi cha kiganja kizima. Boksi likakaa huru. Nilifurahi. Halafu nikaona waya wa klachi. Ulikuwa umevutika kutoka kwenye usukani hadi kwenye injini kama kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa ameuacha upite njia yake ya zamani, umefungwa kwa mpira kwenye fremu, na ile skrubu ya kurekebishia pale juu ameizungusha ndani mpaka mwisho ili waya ufike. Ulifika, lakini haukubaki na hata chembe ya ziada. Nikashika mkono wa klachi. Haukusalimia.

"Baba," nikasema, "naona kama waya umekuwa mfupi."

"Umefika au haujafika?"

"Umefika, baba, ila umekaza sana. Hauna ulegevu kabisa."

Aliendelea kupangusa mikono. Mama Zuhura, ambaye alikuwa amekuja kumletea chai, akautazama waya kisha akanitazama mimi. "Fundi, ninao mrefu dukani," akasema. "Upo kwenye msumari. Aliuagiza mtu wa Dongobesh hakurudi. Mfungie binti wa watu, aende zake."

"Mama Zuhura, mimi nikija kwako nakufundisha kukanda chapati?"

"Ungekuja kujifunza ungekula vizuri."

Vijana waliokaa pale wakacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Fundi akakunja uso. Akaniambia, bila ukali, kwa sauti ile ya baba anayemrudi mtoto mbele ya wageni, "Binti, waya mpya daima hukaza. Utalegea wenyewe ukitembea." Haukuwa waya mpya. Ulikuwa ule ule, na yeye alijua, na mimi nilijua. Akaweka mkono wake wa kuume juu ya tangi, akavua kofia, akafumba macho. Vijana wakasimama. Na mimi nikainamisha kichwa. Aliomba sala ndefu nzuri, akaliombea gurudumu la mbele na la nyuma, akamwombea anayeendesha na anayebebwa, akawaombea watoto wa Hirbadaw. Kisha akasema, kama alivyosema siku zote, "Na kazi hii tunaikabidhi kwako, mkono wa mtu usiiguse tena." Alikuwa na maana ya wezi, nafikiri, au wachawi. Lakini kwetu sisi ilikuwa na maana moja inayojulikana: chombo kikishaombewa na Fundi Emanueli, kukitilia spana ni kuitilia shaka sala. Wapo waliovumilia breki mbovu mwezi mzima kwa sababu hiyo. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado uko kwenye klachi iliyokaza, na kinywa changu kikasema, "Amina."

Nimefundisha watu maana ya neno hilo kwa miaka arobaini. Ni kweli, na iwe hivyo. Nilisema ni kweli juu ya kitu ambacho vidole vyangu vilijua si kweli. Watu husema vijana wa siku hizi hawana heshima, hawaamkii, wanabishana na wakubwa. Mimi nikiwasikia hunyamaza, kwa sababu nilikuwa na heshima, nilikuwa nayo tele, na nimeona ilikotufikisha.

Tuliondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye mlima. Kwenye mbuga tambarare pikipiki ilikwenda, ingawa injini ilivuma kuliko mwendo wenyewe, kama mtu anayesema sana na kufanya kidogo. Jua lilipokuwa la kama saa tatu tukafika kwenye korongo la mwisho kabla ya maboma. Kulishuka si kazi. Kupanda kwake kuna mwinuko mkali wenye mawe, na katikati njia inakata kulia. Nikaingia gia ya kwanza, nikapanda vizuri mpaka kwenye kona. Nilipogeuza usukani kulia, mkono wa kushoto ukaenda mbele, waya ukavutika, na klachi ikajiachia yenyewe. Injini ikalia kwa nguvu, gurudumu likafa. Tukarudi nyuma. Gidamis akaruka, akashika nyuma, akazuia tusianguke. Nikajaribu tena. Kwenye kona, ile ile. Mara ya tatu Gidamis alisukuma kwa bega, na tukasikia harufu kama ya kwato inayochomwa. Hizo zilikuwa pleti za klachi zikiungua.

Tukateremka, tukaiegesha kivulini. Nilikaa kwenye jiwe. Nilijua tatizo ni nini tangu Katesh. Spana namba kumi ilikuwa kwenye mfuko chini ya kiti. Nikaitoa, nikaishika, nikawa nayo mkononi. Na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, maana hadithi hii nimeisimulia mara nyingi nikianzia kwa fundi na kuishia kwa fundi. Sikuigusa pikipiki. Nilifumba macho nikaomba. Niliomba Mungu alegeze waya. Nilipofumbua, waya ulikuwa umekaza vile vile, nikafumba tena. Kivuli kilisogea kutoka kwenye gurudumu la mbele hadi la nyuma. Gidamis alikuwa amechuchumaa akinitazama, mkono wake mmoja kwenye boksi, na kila baada ya muda alisikiliza ndani yake kama mtu anayesikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

"Dada," akasema hatimaye, "hicho chuma ulichoshika ni cha nini?"

"Ni spana."

"Inaweza kulegeza?"

"Inaweza."

"Sasa?"

"Pikipiki imeshaombewa, kaka. Haifunguliwi."

Alifikiri. Hakuwa Mkristo wala hakuwa na dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua miiko ya nyumba aliyoingia. "Mungu wenu amekataza spana?"

Miaka miwili ya chuo, Agano la Kale na Agano Jipya, na hakuna ukurasa uliokataza spana. Nikasimama. Nikakata ule mpira uliofunga waya kwenye fremu, nikautoa waya kwenye njia yake ndefu, nikaupitisha chini ya taa ya mbele mahali pafupi zaidi. Nikashuka chini kwenye injini, ambako kuna nati mbili za kurekebishia ambazo fundi hakuzigusa, nikazilegeza mpaka zikabaki na uzi kidogo. Nikarudi juu, nikavuta mkono wa klachi. Ukasalimia. Sarafu ingepita. Nikageuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, salamu ikabaki. Kazi nzima haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Gidamis akasema, "Kumbe ni hiyo tu?" Sijawahi kutukanwa tusi kubwa kuliko hilo, na hakukusudia.

Lakini pleti zilikuwa zimeshaungua. Hata klachi ikiwa sawa, hazikuwa na kitu cha kushikia. Boksi lenye barafu lilikuwa zito mno kubebwa kwa mikono mwendo ule, kwa hiyo tuliisukuma ile pikipiki kutoka korongoni, tukaisukuma mbugani juani, Gidamis nyuma na mimi kwenye usukani. Tulipofika, jua lilikuwa limeshaelekea magharibi, na akina mama walikuwa wamekaa kwenye mstari mrefu nje ya boma tangu asubuhi, watoto wamepakatwa. Udaweda alikuwa wa kwanza. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, mnene, anayenyonya, na wa kiume wa kama miaka mitano pembeni. Alinikaribisha kwa kibuyu cha maziwa. Nikafungua boksi. Ndani mlikuwa na maji, na chupa zikielea. Nikatia mkono. Yalikuwa na joto la maji ya kunawa.

Ningeweza kuwachoma, na wasingejua. Niliwaza hilo, Mungu ananijua. Lakini wangerudi ndani wakiamini wamekingwa, wangewaachia watoto. Nikamwambia Gidamis awaambie dawa imekufa njiani. Nikazimwaga mbele yao, chupa moja moja, kwenye vumbi, kama tulivyofundishwa. Udaweda hakunyanyuka. Alitazama lile tope dogo mpaka likakauka, na mtoto wake mgongoni akanyoosha mkono kutaka chupa tupu achezee.

Tulirudi na lori la wakulima wa ngano, pikipiki imelazwa juu ya magunia. Siku ya pili yake wazee wa kanisa wakaniita. Tulikaa chumba cha nyuma ya madhabahu, kwenye viti vya mbao, chai na maandazi vikipitishwa kama kwenye kikao cha harusi. Fundi Emanueli, naye akiwa mzee wa kanisa, alikaa kati. Alisema kwa upole kwamba wanawake hushikilia klachi kama kamba ya ndama, ndiyo maana huiunguza. Nikasema, "Hapana, baba, waya ulikuwa mfupi. Nililegeza mwenyewe korongoni ukakaa sawa." Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Uliifungua?" akauliza. "Niliifungua." "Baada ya kuombewa?" "Ndiyo." Wakatazamana, na nikaona nyuso zao zikitulia, kama watu waliotafuta kitu siku nzima wakakipata. "Basi," akasema Fundi Emanueli, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, "tunajua sasa kwa nini."

Waliweka sharti. Pikipiki isingetoka mpaka niombe msamaha kwa kuidharau sala. Dada Restituta alinitazama kutoka kwenye kona, macho yake yakinisihi, maana friji ilikuwa na dawa nyingine na kila siku ilikuwa na maana yake huko Hirbadaw. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Nikasema, "Nisameheni, baba zangu, nilikosa." Fundi akaniwekea mkono kichwani, akaniombea. Mkono wake ulikuwa mzito na wenye joto, ulinuka petroli. Nikasema Amina tena. Kama kuna siku katika maisha yangu ambayo ningependa kupewa upya, si ile ya korongoni. Ni hiyo. Korongoni nilikuwa mwoga. Pale magotini nilikuwa mwongo, mbele ya msalaba, na wote waliokuwepo wakaniita mnyenyekevu.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Zuhura. Aliutoa ule waya mrefu kwenye msumari kabla sijafungua kinywa. "Shika mwanangu," akasema, "na pleti hizi hapa. Usiende kwa mtu." Yule dereva mzee alinisaidia kubadilisha pleti uani pa zahanati. Waya niliufunga mwenyewe. Niliupitisha taratibu bila kona kali, nikautia mafuta kidogo, nikaacha unene wa sarafu, nikageuza usukani huku na huku mara nyingi, nikaendesha, nikarudi, nikapima tena. Lakini kurudi na lori, kikao kile na kubadilisha pleti vilikuwa vimekula siku, na mvua ikafunga njia siku kadhaa. Mpaka tunaondoka, zaidi ya juma lilikuwa limepita.

Korongo tulilipanda kwa mara moja. Kwenye kona ya kulia pikipiki haikusita hata kidogo, na mimi nililia kwa hasira kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Tulipofika, mstari ulikuwa mfupi. Sitataja ni mfupi kwa kiasi gani. Waliohesabu ni wao, na ni haki yao. Nilichanja mtoto mmoja baada ya mwingine. Udaweda alikuja wa mwisho, amemshika mkono yule wa kiume. Mgongoni kwake hapakuwa na mtu. Alisimama mbele yangu akasema maneno machache kwa lugha yao.

"Anauliza siku ile mlikaa wapi," Gidamis akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Nimeshawaambia pikipiki iliharibika. Inatosha, dada."

"Mwambie haikuharibika njiani," nikasema. "Mwambie iliharibiwa Katesh, na mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu aliyeifanya ni mzee. Na korongoni nilikuwa na chuma cha kuitengeneza mkononi. Nikakaa nacho mpaka barafu ikaisha. Niliwaogopa watu ambao hawakuwepo."

Alinitazama. "Yote hayo?"

"Yote."

Gidamis alizungumza muda mrefu. Sikujua lugha ile vizuri, lakini niliona uso wa shemeji yake, nikajua alipofika kila mara. Udaweda hakupiga kelele. Hakulia. Alikuwa anatazama mikono yangu, ya kulia na ya kushoto, kama anayetaka kujua ni upi ulioshika ile spana. Alipomaliza kusikiliza akasema neno moja fupi.

"Anasema nini?"

"Anasema huyu hajachanjwa."

Akamsogeza mtoto kwangu. Nikanawa mikono, nikafungua boksi. Barafu ilikuwa bado ngumu.